Mkwe wa Jukwaani

Kama hukuwa nami wiki jana, usijali. Masaibu yangu hayahitaji ukumbusho mrefu.

Mimi ni Nzomo, fundi wa pikipiki pale Kasikeu, na kwa muda mrefu sasa ombi langu kwa Mungu ni moja tu: Wayua awe mke wangu. Baba yake, Mzee Mbithi wa Kilungu, ni mzee wa kanisa na mtu wa neno moja. Mara mbili nilipanga kumpelekea ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hana mke hata akiwa na cheti cha serikali na picha za harusi ukutani. Mara mbili nikaanguka. Mbuzi wa kwanza walikula majani yaliyopuliziwa dawa. Wa pili walinikimbia pikapu ilipokwama mchangani mtoni.

Mzee Mbithi akatamka, "Jumamosi usipofika, usije tena."

Wiki jana hadithi iliishia Ijumaa jioni, pale mjini Wote. Mbuzi watatu wazuri walikuwa nyuma ya pikapu, wakilindwa na baba mdogo wangu Muindi, anayesimama badala ya marehemu baba yangu. Alfajiri tungepanda Kilungu. Lakini Wayua, ambaye ni mshonaji, alikuwa amewashonea nguo kikundi kimoja cha waigizaji, na walikuwa wamempa tikiti mbili za tamthilia yao ya nyimbo. Akaniambia, "Kabla nikuwe bibi ya mtu, nitoe out hata mara moja."

Ningekataaje? Tukaketi viti vya mbele tumeshikana mikono. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakigombana, wakipatana na kuchumbiana kwa nyimbo, na nilikuwa nimeanza kufurahia kweli.

Mapumziko yalipofika, mkurugenzi wa kikundi, mwanamke mmoja anayeitwa Nthenya, alitujia mbio huku jasho likimtoka.

"Wayua, niokoe! Mutiso tumbo imemkataa, hatoki choo. Na yule mtu wa kuleta mbuzi amezima simu. Sehemu ya ntheo ndiyo inafuata. Sina bwana harusi, sina mbuzi!"

Wayua hakufikiri hata kidogo. "Bwana harusi si huyu hapa? Anaimba besi kwa kwaya yetu. Na mbuzi ziko kwa pikapu hapo nje."

"Wayua!" nikasema.

"Ni wimbo moja tu, Nzomo. Usiniangushe mbele ya watu."

Nthenya akanigeukia. "Utatupatia mbuzi zako, bro?"

Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi, tena kwa jembe langu mwenyewe. Watu wa viti vya mbele walikuwa wananitazama. Mwanamume akitazamwa hutoa maneno makubwa. Nikasema, "Wachukueni tu. Mbuzi ni nini?"

Nilimaanisha waazimeni. Lakini nilisema wachukueni.

Nje nilimkuta baba mdogo Muindi, nikamweleza. Nilidhani atanikemea. Kumbe mzee alikuwa na kiu ya jukwaa tangu ujana wake.

"Mbuzi za ntheo hazitembei bila mzee," akasema huku akinyoosha koti. "Mimi ndiye nitaziingiza. Hao watoto wa drama wanajua nini?"

Basi tukaingia jukwaani, mimi, baba mdogo na mbuzi watatu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kwaya ikaanzisha, nami nikaitikia. Wimbo ulikuwa wa kuitikia tu na haukunipa taabu. Nilimtazama Wayua pale chini, nikaimba kwa moyo wote.

Mbele yangu alikaa bibi harusi, mwigizaji mmoja mtulivu anayeitwa Kaveke. Kando yake alisimama baba wa bibi harusi, mzee mwenye fimbo na kofia, na nyuma yake ndugu zake wawili. Mzee yule alikuwa na sauti ya kutuliza mkutano.

"Mbuzi hawa ni wa nani?" akauliza.

"Ni wangu," nikajibu.

"Nani amekuja nao?"

"Ni mimi, ndugu ya baba yake," akanguruma baba mdogo Muindi, na watu wakapiga makofi.

"Mmewaleta kwa nani?"

Nikanyoosha mkono kwa Kaveke kama nilivyoelekezwa. "Kwa huyu."

Mzee akamgeukia binti. "Kaveke, niwapokee?"

Binti akainamisha kichwa. "Wapokee, baba."

Vigelegele vikapasua paa. Aliyepiga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Wayua wangu. Mbuzi wakapelekwa nyuma ya pazia, kwaya ikafunga wimbo, nami nikashuka nikiwa kidume.

Baada ya shoo Nthenya alitukaribisha nyuma ya ukumbi. Moto ulikuwa unawaka na nyama inachomwa. Nikapewa ubavu, Wayua akapewa wake, baba mdogo akapewa kipande cha heshima. Tulikula vizuri, sisemi uongo. Nyama ilikuwa laini.

Nikiwa nimeshiba nikamwambia Nthenya, "Haya sasa, tupatie mbuzi wetu twende."

Nthenya akautazama mfupa niliokuwa nao mkononi. "Si mojawapo ndiyo hiyo unakula?"

Nikautupa mfupa. "Umechinja mbuzi wangu?"

"Sio mimi! Ni wale wazee wa Mbumbuni, wenye walizipokea kwa jukwaa. Walisema ya ntheo hailali bila kuchinjwa moja. Na wewe ulisema tuchukue. Ama hukusema?"

Wayua akatema nyama aliyokuwa nayo mdomoni.

Mara mkono mzito ukatua begani mwangu. Alikuwa yule mzee mwenye fimbo.

"Mkwe," akasema.

Nikacheka kidogo. "Mzee, shoo si imekwisha?"

"Imekwisha, ndiyo. Na mbuzi ameliwa. Hiyo nayo imekwisha."

"Sikuelewi, mzee."

"Mimi ni Munyao wa Mbumbuni. Kaveke ni binti yangu."

"Kwa mchezo."

"Kwa kuzaa," akasema. "Mimi huja kumsaidia kazi yake. Wale wawili ni ndugu zangu, tumbo moja. Sasa nikuulize, kijana. Mbuzi walikuwa wako?"

"Walikuwa wangu."

"Huyu ni baba mdogo wako wa kuigiza?"

"Hapana. Ni wa kweli."

"Mbuzi uliwatafuta wa nini?"

"Wa ntheo."

"Binti niliyemuuliza ni wangu, na alikubali. Wazee wamekula. Na wewe mwenyewe umekula. Sasa niambie, hapo kitu cha kuigiza kilikuwa kipi?"

"Roho yangu, mzee! Roho yangu ilikuwa kwa huyu," nikasema nikimwonyesha Wayua.

"Roho hatukuiona," akasema Mzee Munyao. "Tuliona mbuzi."

Nilimgeukia baba mdogo Muindi anitetee. Alikuwa anautazama moto. Mwishowe akasema polepole, "Kijana, shida ni kwamba huyu mzee anaongea ukweli."

Hivyo ndivyo nilivyoenda kustarehe na mchumba mmoja nikatoka na mke mwingine.

Mzee Munyao hakunitukana wala hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Angekuwa tapeli ningemjua dawa yake. Alieleza tu kwamba mbuzi wakishaliwa, binti yake yuko ndani ya kamba, na hakuna mwanamume mwingine anayeweza kumletea ntheo akiwa bado na yangu. Akawafunga wale mbuzi wawili waliobaki, akaondoka nao.

Tulipofika kwa Wayua ndipo alipopasuka.

"Mimi miaka yote nangoja mbuzi yako, Nzomo. Huyo ameimbiwa wimbo moja tu, amepata tatu!"

"Wayua, wewe ndiye ulinisukuma jukwaani!"

"Nilikusukuma uimbe! Nilikusukuma uoe?"

Mwanamke akiwa na makosa na machozi kwa pamoja, mwenye akili hunyamaza.

Jumamosi nilipanda Kilungu mikono mitupu, Wayua mbele, baba mdogo nyuma. Nilikuwa nimejipanga kumweleza Mzee Mbithi taratibu, kwanza habari za mvua, halafu habari za kanisa, halafu hili. Lakini simu zina mbio kuliko mkosefu. Tulimkuta kibarazani ameshika simu, na ndani ya simu nilikuwa nikiimba besi.

"Unaimba vizuri," akaniambia.

"Mzee, naomba nieleze."

"Eleza nini? Habari ya Munyao na mbuzi aliyeliwa nimeletewa, na haya nimesikia kwa sikio yangu. 'Mbuzi ni wa nani? Ni wangu. Umeleta kwa nani? Kwa huyu.' Huyo si Wayua. Wayua namjua, nilimzaa."

"Nitaleta mbuzi wengine, mzee. Nipe siku chache tu."

"Hata ulete zizi nzima," akasema Mzee Mbithi. "Mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kupokea mbuzi ya bwana ya mtu. Unataka msichana wangu awe wa pili, na huyo wa kwanza hata hujalala naye?"

Wayua alianza kulia. Nafikiri kilio hicho kilimgusa mzee, maana aliweka simu chini, akasema, "Kuna njia moja tu. Huyo Munyao akurudishie mbuzi wa kukataa. Mbuzi akitoka kwao na kurudi kwako mbele ya mashahidi, uko huru. Nitakuja kesho kuona kwa macho yangu. Nikiona huyo mbuzi mkononi mwako, nitaongea na wewe. Nisipoona, Wayua ataolewa na mtu mwingine, na wewe utaalikwa."

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada tulikuwa Mbumbuni, kwa Mzee Munyao: mimi, baba mdogo, Wayua na Mzee Mbithi. Tulipokewa kwa chai na mikate, mimi nikawekwa kiti chenye kitambaa, kiti cha mkwe. Nilikikalia nusu tako. Wanawake wa boma walipita wakinitazama na kuchekacheka. Mmoja akasema kwa Kikamba, bila kushusha sauti, kwamba kwa picha nilionekana mrefu.

Nikaomba kunawa mikono ili nipate pumzi. Nyuma ya nyumba, penye tangi la maji, nikamkuta Kaveke amesimama akinisubiri.

"Dada, nakuomba msamaha," nikaanza. "Sikujua—"

"Wacha hiyo. Unafikiri nakutaka?" Alisema kwa sauti ya chini, lakini kwa hasira. "Niko na mwalimu wangu Kitui. Alikuwa aje hapa Disemba na wazee wake. Ameona hiyo video, tangu jana hashiki simu. Umeniharibia, Nzomo."

Sijui kama nimewahi kufurahi kusikia mwanamke ananikataa. Moyo ulinirudi mahali pake.

"Basi tuko upande mmoja!" nikasema. "Mwambie baba yako anirudishie mbuzi."

"Nimemwambia usiku na mchana. Anasema mbuzi ya kukataa haitoki bila makosa. Bwana akirudishiwa mbuzi bila kosa, aibu inabaki kwa boma yetu, inakuwa sisi ndio tulikula na kufukuza. Lazima niseme kosa yako mbele ya wazee."

"Sina kosa."

"Najua huna. Ndiyo shida."

Tukatazamana. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, akapata wazo.

"Niachie mimi," akasema. "Nikiongea, wewe usibishe. Kubali tu. Umesikia? Chenye nitasema, sema ni kweli."

"Hata ukisema mimi ni mwizi?"

"Mwizi wanaitisha polisi. Nitasema kitu haina polisi. Wewe kubali tu, na jioni uko na mbuzi yako."

Nikakubali. Ningekubali hata kwamba mimi ndiye niliyekausha mito ya Ukambani.

Tuliporudi, wazee walikuwa wameketi duara. Mzee Munyao aliamuru mbuzi mmoja aletwe. Akaja, akafungwa kwenye nguzo katikati yetu. Jamani, nilivyompenda yule mbuzi! Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwa kamba yake.

Mzee Munyao akasimama. "Mimi si mtu mbaya," akasema. "Huyu kijana anataka kwenda. Binti yangu pia anasema hamtaki. Lakini ntheo haichezewi, hata kama ililetwa kwa mchezo. Nikimrudisha huyu mbuzi bila sababu, hakuna mtu ataleta mbuzi kwa mlango huu tena. Kwa hivyo Kaveke, sema mbele ya wazee. Alikupiga?"

"Hapana."

"Ni mlevi?"

"Hapana, baba."

"Ni mchawi? Kwao wana mkono wa kuroga?"

Baba mdogo Muindi akakohoa kwa hasira. Kaveke akasema hapana.

"Sasa unamkatalia nini?"

Kaveke akasimama. Alikuwa mwigizaji, na siku ile aliigiza kuliko Ijumaa. Akashika upindo wa leso yake, akatazama chini, akaacha watu wamsubiri.

"Ni kitu ya aibu, baba. Naogopa kusema mbele ya wageni."

"Sema."

"Hawezi."

"Hawezi nini?"

"Kazi ya bwana. Hawezi." Akajifunika uso kwa leso. "Aliniambia mwenyewe nyuma ya pazia, Ijumaa. Alisema nisimwekee matumaini. Mtoto hatapatikana."

Wanawake waliokuwa wakichekacheka waliacha. Mimi nikaelewa, nikiwa nimechelewa, kitu kisichohitaji polisi ni kitu gani.

Mzee Munyao akanitazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ilinichoma kuliko fimbo.

"Kijana wangu, hiyo si kosa, hiyo ni bahati mbaya," akasema. "Lakini kwa desturi inatosha. Mbuzi anaweza kurudi. Unakubali ni kweli?"

Juu ya leso, jicho moja la Kaveke lilikuwa linanisihi. Kubali tu.

Nikafungua kinywa. Na hapo ndipo nilipomwona Mzee Mbithi. Alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, mkono nyuma ya sikio, asikose hata herufi. Mzee yule ana binti mmoja tu, na kila nikienda kwake hunieleza majina atakayowapa wajukuu.

Nikikubali, nachukua mbuzi na kupoteza Wayua. Mzee gani atampa binti yake wa pekee mwanamume aliyekiri mbele ya mashahidi kwamba hawezi? Nikikataa, namwita Kaveke mwongo mbele ya baba yake, mbuzi anabaki, na mimi nabaki mkwe wa Mbumbuni.

"Nzomo," akasema Mzee Mbithi. "Umeulizwa. Ni kweli ama si kweli?"

"Mzee..."

"Neno moja tu."

Baba mdogo Muindi akanikanyaga mguu. Mpaka leo sijui kama alimaanisha kubali au kataa. Nilimtazama mbuzi, nikamtazama Wayua, nikaona bora nitoke kwanza kwenye mtego mmoja, ule mwingine nitaushughulikia nikiwa nje.

"Ni kwe—"

"Uongo!"

Wayua alikuwa amesimama. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimeanguka. Alikuwa amevumilia wimbo, akavumilia nyama, akavumilia kiti chenye kitambaa. Hili lilimshinda.

"Huyo mwanamke ni mwongo!" akapiga kelele. "Mnakaa hapa mnaharibia mtu jina! Nzomo hana shida yoyote. Yuko sawa kabisa. Mimi najua!"

Neno la mwisho lilimtoka, kisha nikaona akilisikia. Mkono ukaenda mdomoni, lakini neno lilikuwa limeshafika kwa kila mtu.

Kaveke akashusha leso na kufumba macho. Mzee Munyao akatikisa kichwa polepole, akaenda kwenye nguzo, akamfungua mbuzi na kumkabidhi ndugu yake. "Kama kosa hakuna," akasema, "mrudishe zizini."

Mbuzi akaenda zake. Sikuweza hata kumfuata kwa macho, maana Mzee Mbithi wa Kilungu, mzee wa kanisa, alikuwa anainuka kwenye kiti chake, taratibu, akiegemea magoti.

"Unajua kutoka wapi, Wayua?" akauliza.

Wayua aliinama kuokota kikombe chake.

Basi mzee akanigeukia mimi.